Dereva Anayejifunza Kutosikia Mlango

Saa mbili na dakika arobaini asubuhi, katika uwanja wa kuegeshea magari nyuma ya jengo la ghorofa saba, mlango wa nyuma wa gari jeusi unafungwa, pu. Mkono wa kushoto wa dereva aliyekaa mbele unaruka kutoka kwenye paja, unakamata gia na kuivuta kutoka herufi P, ya kuegesha, hadi herufi D, ya kwenda. Gari haliendi popote. Mguu wa kulia uko juu ya breki, na kwa kweli hakuna pa kwenda.

"Mkono umekwenda tena," anasema mwenzake aliyefunga mlango. Anachora mstari nyuma ya karatasi ya safari. "Kumi na nne kati ya ishirini."

"Safari hii ulikohoa kwanza. Ulinishtua."

"Sikukohoa. Nilipumua."

"Basi usipumue."

Mlango unafunguliwa, unafungwa. Pu. Mkono unaruka. Kumi na tano.

Anayefunga mlango ni dereva wa basi dogo la wafanyakazi. Wenzake humwita Spika, kwa sababu sauti yake huwafikia hata wale wasioihitaji. Mwenye mkono unaoruka ni dereva wa mkurugenzi, mwanamume wa miaka arobaini na tisa, shati jeupe lililopigwa pasi mpaka mikunjo ikaogopa kurudi. Uwanjani hapa anaitwa Nusu Ukurasa. Ni baba wa watoto watatu, hana deni na mtu, hajawahi kugonga hata ndoo. Na leo, siku ya nne mfululizo, anafundishwa na mtu mzima mwenzake namna ya kukaa bila kufanya kitu.

Sababu ya mafunzo haya imo kwenye skrini iliyo katikati ya dashibodi, kubwa kama sahani ya pilau ya watu wawili.

Nusu Ukurasa amemwendesha mkurugenzi kwa miaka tisa. Aliwahi kupima kazi yake kwa saa ya mkononi, wiki nzima, akapata matokeo yaliyomhuzunisha kidogo: katika saa tisa anazolipwa kwa siku, anaendesha gari kwa saa moja na dakika arobaini. Muda uliobaki anasubiri. "Watu wakiniuliza kazi yangu nasema dereva," anaeleza. "Lakini ukifuata hesabu, mimi ni msubiriji anayejua kuendesha."

Kwa miaka saba alisubiri kama wanavyosubiri madereva wote. Alifuta vioo vilivyokuwa safi. Alilala kwa jicho moja. Alishiriki katika mijadala ya uwanjani, ambayo Spika huifungua, huiendesha na kuifunga mwenyewe.

Kisha kampuni ikaleta gari jipya. Skrini yake, kwa kadiri alivyoelewa, ilikuwa ya redio na ya kuonyesha nyuma wakati wa kurudi kinyumenyume. Siku moja ya mvua, akiwa amechoka kutazama matone, aligusa alama ndogo ya dunia iliyokuwa pembeni. Kikafunguka kivinjari, kile kile ambacho watu hukitumia kwenye kompyuta kusomea mtandao, na chini yake herufi zimepangwa tayari kuandikiwa. Aliwasha intaneti ya simu yake, ambayo kioo chake kimepasuka kiasi kwamba haisomeki lakini intaneti yake bado inapita, akaiunganisha na gari. Kwa kidole kimoja akaandika swali ambalo binti yake wa darasa la sita alikuwa amemuuliza asubuhi: kwa nini mvua haidondoki yote kwa mpigo.

Jibu lilikuja kwa maandishi makubwa, meusi, yanayosomeka bila miwani. Alikuwa katika aya ya tatu mkurugenzi aliporudi. Alitia gia. Ukurasa ukatoweka, ikaja ramani ya mji.

Ndivyo gari lilivyotengenezwa. Kivinjari kinafanya kazi gia ikiwa kwenye P tu, gari limesimama. Ikitoka hapo, hata kama gari halijasogea, skrini inafunga ukurasa ili dereva atazame barabara. Nusu Ukurasa anaunga mkono utaratibu huo. "Mimi mwenyewe nisingependa kuendeshwa na mtu anayesoma," anasema. Tatizo ni kwamba tangu siku hiyo amesoma mwanzo wa mambo mengi mno. Vikao vikiisha, ukurasa huishia ulipofika, na kesho binti ana swali jingine.

"Najua vita vingi vilivyoanza," anasema. "Aliyeshinda simjui hata mmoja. Najua pweza ana mioyo mitatu. Mitatu ya kazi gani, sijafika."

Wenzake walipogundua kwamba kila hadithi yake inaishia katikati, jina likazaliwa. Hata hivyo humwamini. Ubishi ukikosa mshindi uwanjani hupelekwa kwenye gari jeusi, yeye hugusa alama ya dunia, na pande zote mbili husimama dirishani kusubiri hukumu. Aliyeshindwa hutaka rufaa. Mara nyingi mkurugenzi hutokea kabla rufaa haijasikilizwa.

Aibu ilimpata mara moja tu. Alisoma kuhusu madaraja kwa saa mbili injini ikiwa imezimwa, betri ikaisha, na gari la mkurugenzi likawashwa kwa nyaya zilizounganishwa na betri ya basi la Spika. Spika amelikumbuka tukio hilo kila siku ya kazi tangu hapo. Sasa Nusu Ukurasa huwasha injini kila baada ya nusu saa, kama mgonjwa anayemeza vidonge.

Mwanzoni mwa mwezi huu lilitoka tangazo. Msimamizi wa magari anastaafu mwisho wa mwezi, na nafasi yake iko wazi kwa dereva yeyote mwenye uzoefu wa miaka mitano na cheti cha usimamizi wa magari. Uzoefu anao. Cheti hana. Theluthi ya mshahara wake huchukuliwa na kodi ya vyumba viwili kabla yeye hajauona vizuri, na msimamizi hupata karibu nusu zaidi ya dereva. Zaidi ya hayo, msimamizi hutoka kazini saa kumi na moja kamili. Binti yake humuuliza maswali asubuhi kwa sababu jioni baba akirudi yeye ameshalala.

Mtihani wa cheti hufanywa mtandaoni, siku za kazi, kati ya saa tatu na saa tano asubuhi. Maswali arobaini, dakika hamsini. Ukishaanza, hausimami. Mwishoni lazima ubonyeze kitufe cha kuwasilisha, la sivyo ni kama hukufanya.

Angeweza kwenda kwenye duka la kompyuta, lakini saa hizo ni za kazi, na gari la mkurugenzi haliachwi peke yake. Kompyuta za ofisini zina wenyewe. Akaamua kufanya mtihani mahali anapofanyia mambo yake yote. Alichagua Jumatano, siku ya kikao cha bajeti, ambacho katika miaka tisa hakijawahi kuisha kabla ya saa tano.

Alianza saa tatu na dakika kumi. Injini iliwashwa, simu ilichajiwa, Spika aliombwa anyamaze na akanyamaza, jambo ambalo wenzake wanasema lingestahili cheti chake peke yake. Maswali yalikuwa ya matairi, mafuta, bima, ratiba za matengenezo. Aliyajua. Mengine aliyajua kwa mgongo wake mwenyewe.

Saa tatu na dakika hamsini na moja alijibu swali la thelathini na saba. Alikuwa na dakika tisa za maswali matatu. Ndipo mwenyekiti wa kikao, juu ghorofa ya sita, alipopatwa na maumivu ya jino. Kikao kikaahirishwa. Mkurugenzi akashuka haraka, akafungua mlango wa nyuma, akaingia na mafaili yake, akafunga. Pu.

"Sikuamua chochote," anasema Nusu Ukurasa, akiutazama mkono wake wa kushoto kama mtu anayemtazama ndugu aliyemwangusha. "Miaka tisa mlango wa nyuma ukifungwa, mimi natia gia. Mkono ulisikia kabla yangu."

Skrini ilionyesha ramani ya mji. Alifikiria kurudisha gia. Lakini gari lilikuwa limeshaanza kusogea, mkurugenzi ameshasema anasubiriwa mahali pengine, na getini mlinzi alikuwa ameshanyanyua kizuizi na kupiga saluti. "Mtu ameshakupigia saluti," anauliza, "unarudije nyuma?"

Walisafiri dakika ishirini na mbili. Njiani aliipitiliza kona ambayo hajawahi kuikosa. Mkurugenzi akauliza kama anaumwa, akajibu hapana mama, ni jua. Walipofika aliegesha, akarudisha gia kwenye P, na kivinjari, kwa utiifu wake wote, kikarudi palepale. Mkurugenzi aliinama mbele kati ya viti viwili, akasoma kwa sauti.

"Umejibu maswali thelathini na saba kati ya arobaini. Muda umekwisha. Mtihani haukuwasilishwa." "Huu ni mtihani wa nani?"

"Wangu, mama. Samahani."

"Ulikuwa unaufanya wakati naingia?"

"Ndiyo, mama."

"Sasa kwa nini hukuniambia nisubiri?"

Nusu Ukurasa anasema alitafuta jibu refu, lenye heshima. Akatoa alilokuwa nalo.

"Ulifunga mlango, mama."

Mkurugenzi alikusanya mafaili yake. Alishuka, akafunga mlango polepole kuliko kawaida. Mkono wa dereva, anakiri, ulikwenda kwenye gia hata hivyo.

Bodi ya mitihani huruhusu kurudia mara moja tu. Ameandikishwa Jumatano ijayo, siku mbili kabla ya maombi ya nafasi kufungwa. Uwanja mzima umelichukua suala hili kwa uzito unaostahili. Ilipendekezwa afungwe mkono kwa mkanda wa kiti. Ikaonekana ni aibu kwa mtu wa umri wake. Ilipendekezwa akae kiti cha abiria. Alijaribu, na kwa nusu saa miguu yake ilitafuta breki isiyokuwepo mpaka zulia likakunjamana. Hatimaye likapita pendekezo la Spika, kwamba mkono uliofundishwa na mlango ufundishwe upya na mlango huo huo.

Siku ya kwanza mkono uliruka mara ishirini kati ya ishirini. Siku ya pili, kumi na tisa, ingawa Spika anadai ile moja ambayo haukuruka ulikuwa unamkuna mwenyewe goti. Jana kumi na saba. Leo zoezi linaishia kumi na tano, na Spika anaikunja karatasi kwa fahari ya mwalimu ambaye darasa lake limeanza kutoa matumaini.

Nyumbani binti ameambiwa. Amempa baba yake ushauri wa kitaalamu: aanze na swali la arobaini arudi nyuma, ili mlango ukifungwa akose la kwanza, ambalo huwa rahisi. Baba anasema anaufikiria.

Anataka kazi hiyo, hafichi. Anataka kula chakula cha jioni na watoto wakiwa macho. Lakini ukimwacha aongee, linatoka jingine. "Swali la thelathini na nane sikuliona," anasema. "Nililala nalo siku tatu. Linauliza nini? Nikilijua hilo tu, hata nikifeli, nitakuwa nimefika mahali."

Saa nne kasoro dakika tano. Spika amerudi kwenye basi lake. Nusu Ukurasa anagusa alama ya dunia na kumtafuta tena pweza, kuanzia juu. Yuko aya ya nne mkurugenzi anapotokea mlangoni mwa jengo, mapema tena, jino au si jino. Mlango wa nyuma unafunguliwa. Mafaili yanatua kwenye kiti. Mkono wa kushoto unainuka pajani, unangoja.

Hakuna kinachofungwa.

Mkurugenzi amekaa, mguu mmoja bado uko nje, anapekua karatasi. "Unasoma nini?"

"Pweza, mama. Mtoto aliuliza."

"Malizia."

Mkono unabaki hewani kwa muda, kama mgeni aliyenyimwa kiti, kisha unarudi pajani. Nusu Ukurasa anasoma. Anasoma polepole, midomo ikicheza, na ukurasa unaendelea kuwepo. Anapofika chini anarudi juu kidogo kuhakikisha hajaruka mstari.

"Kumbe miwili ni ya kusukuma damu kwenye mashavu yake ya kupumulia," anasema. "Mmoja ndio wa mwili mzima. Na huo mmoja, mama, husimama akianza kuogelea."

"Kama hiyo skrini yako," anasema mkurugenzi, macho bado kwenye karatasi. Kisha anaongeza, kwa sauti ile ile anayotumia kutaja ratiba: "Jumatano nitashuka saa tano. Jino la mtu likiuma nikashuka kabla, nitakaa hivi hivi mpaka uniambie."

"Asante, mama."

"Tayari sasa?"

"Tayari, mama."

Anaingiza mguu, anafunga mlango. Pu. Mkono unaruka, unatia gia, pweza anatoweka na mji unatokea. Kutoka dirishani mwa basi Spika ameona kila kitu, na karatasi ya safari iko magotini pake. Hachori mstari.