Ua la Mlango wa Jiko

Zulia la nne ndilo lililomfikisha Nurzat Mambetova kwa Sonunbubu, ajuza wa miaka themanini na minne anayeishi nyumba ya mwisho kabisa, upande wa juu wa mto. Ilikuwa Jumanne asubuhi, siku tatu kabla ya baraza la walimu wake.

Nurzat anasoma mwaka wa mwisho katika chuo cha sanaa, mjini Naryn. Mawazo yake mawili kwa ajili ya kazi ya kuhitimu yalikuwa yameshakataliwa. La tatu likikataliwa Ijumaa, angerudia mwaka. Safari hii hakutaka kubahatisha. Alichagua ua la petali nne, moja ikiwa na mwanya, ambalo karibu kila nyumba ya bonde letu inalo kwenye zulia la sufu. Mkuu wa baraza, Mwalimu Talasbek, ameandika kitabu kidogo juu ya ua hilo. Ukurasa wa kumi na mbili unasema kwamba lina umri wa karne nyingi, na kwamba mwanya ule ni njia iliyoachwa ili mizimu ya wahenga ipite. Nurzat alishajaza kurasa arobaini za daftari kwa michoro. Kilichobaki ni kulipata zulia kongwe kuliko yote.

Kulitafuta si kazi ngumu. Mazulia yetu hutengenezwa mawili kwa pamoja. Sufu nyekundu iliyogandamizwa hulazwa juu ya nyeusi, zote zikakatwa kwa kisu kimoja, kisha vipande vikabadilishwa: ua jekundu huingia kwenye uwanja mweusi, jeusi kwenye mwekundu. Zulia moja hubaki nyumbani, la pili huondoka na bibi harusi. Kila mwanamke anajua la pili liko kwa nani. Nurzat aliuliza nyumba hadi nyumba, na kila jibu lilimpandisha juu zaidi.

Sonunbubu alimpokea kwa bakuli la chai ya maziwa. Kenje, mke wa mwanawe, alikuwa akikaanga maandazi.

"Bibi, ua hili nani alikufundisha?"

"Kula kwanza. Huko mjini hawawapi chakula? Shingo kama ya kuku."

"Alikufundisha mama yako?"

"Mama gani? Baba alikufa vitani, mama simjui hata jina. Mimi nimelelewa kwenye kituo cha yatima."

"Basi mama mkwe."

"Yule? Yule alinifundisha kunyamaza."

Kenje aligeuka, mwiko mkononi. "Mama, si siku zote unasema ni ua la mama yako?"

Ajuza alijifuta mikono taratibu, akainuka. "Njooni nje."

Kando ya zizi lilisimama jiko la chuma, kuukuu, ambalo siku hizi hulitumia kuchemshia maji ya kuoshea sufu. Sonunbubu aliinama, akafuta masizi ya mlango wake kwa mkono wa gauni. Chuma kilikuwa na ua. Petali tatu nzima. Ya nne ilikatizwa na tundu la komeo.

Nurzat aliweka karatasi juu ya mlango, akaisugua kwa penseli, kisha akaiweka juu ya mchoro wa daftarini na kuinua zote mbili kuelekea jua. Hapakuwa na mstari uliopishana.

"Nilikuwa na miaka kumi na tisa," alisema Sonunbubu. "Mama mkwe alinitupia sufu, akasema tuonyeshe mapambo ya watu wako. Watu wangu! Nilichojua mimi ni kutandika vitanda kwa mstari na kuimba wimbo wa asubuhi. Nikanakili nilichokuwa nakiona kila nikichochea moto; yeye hakuwahi kuinama pale."

"Na mwanya, Bibi?"

"Si ni pa komeo, mwanangu. Niliogopa kuacha kitu."

"Mama!" Sauti ya Kenje ilipanda. "Miaka thelathini nawachapa watoto wasilikanyage lile pengo!"

"Nilikuwa nakuona."

"Na ukanyamaza?"

"Walikuwa wanakanyaga na viatu."

Nurzat alifungua kitabu, akawasomea ukurasa wa kumi na mbili. Sonunbubu alimtaka arudie. Aliporudia, ajuza alikaa chini pale pale, juu ya rundo la sufu mbichi.

"Mizimu? Kwenye jiko langu? Nani kawaambia?"

"Mwalimu Talasbek."

"Mrefu? Ana kovu kidevuni?" Nurzat aliitikia. "Huyo alikuja. Alikunywa chai, jiko likiwa bado ndani, mgongoni kwake. Akaniuliza maana yake, nikamwambia sijui. Basi akaandika, akaandika…"

Nurzat alikifunga kitabu. "Nikimwambia, atanifelisha," alisema.

"Mimi nilidanganya kwa kumwogopa mama mkwe," alisema Sonunbubu. "Sikutegemea uongo wangu ungefika chuoni. Fanya utakavyo. Ila jina la mama yangu usiliandike popote, maana halipo."

Ijumaa Nurzat aliingia mbele ya walimu watatu bila daftari. Alibandika ukutani ile karatasi aliyoisugua mlangoni pa jiko, kando yake picha ya zulia, na chini yake picha ya jiko. Wazo lake, alisema, ni kuonyesha jinsi bibi harusi asiye na kwao alivyojipatia kwao. Alieleza yote, pamoja na komeo. Mgeni aliyekunywa chai hakumtaja.

Mwalimu Talasbek aliinuka, akalisogelea jiko lile pichani. Aliligusa kwa kidole mahali pa tundu.

"Nililiona jiko hili," alisema. "Nilianika soksi zangu juu yake."

Mwalimu Mairam, mwandishi wa baraza, alitaka kucheka, akamtazama Talasbek, akaacha. Aliuliza kama kuna anayepinga. Mwenzao wa tatu alitikisa kichwa. Talasbek alikuwa amechukua kitabu chake mezani na kukifungua ukurasa wa kumi na mbili, midomo ikichezacheza.

"Wazo limepita," Mairam akaandika.

Nurzat alibaki amesimama. Hakuna aliyemwambia akae.