Gitaa la Upande wa Kushoto

Lotukoi Ekitela alikuwa na miaka kumi na tisa rimu ya lori iliporuka na kumnyang'anya sikio la kushoto. Halikukatika. Lilibaki mahali pake, zima kwa kutazama, ila tangu siku hiyo halikusikia kitu. Alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kuziba pancha kando ya barabara ya kuelekea Archers Post, na fundi aliyekuwa akimfundisha alimwinua mavumbini akimwita na kumwita, naye Lotukoi akaona midomo inacheza bila sauti. Baada ya wiki mbili sikio la kulia likarudi. La kushoto ndilo lililokwenda.

Sasa ana miaka arobaini na sita, na karakana ni yake: kompresa, jeki tatu, benchi la mbao, na tairi kuukuu zilizopangwa hadi zikawa ukuta. Watu wa mtaa wanamjua kwa mambo mawili. Kwanza, kiraka chake hakibanduki. Pili, akikosa kazi hukaa pale benchini amefumba macho, waya za simu zimemshuka shingoni, kidude kimoja ndani ya sikio la kulia na kingine kikining'inia kifuani. Wakati huo ukimwita hakusikii. Mpaka umguse bega.

Anachosikiliza ni roki. Ilianza mwaka ule uliofuata ajali, kwa lori lililonunuliwa mnadani Nanyuki likiwa na redio iliyomeza kaseti na kukataa kuitema. Lotukoi aliitoa kwa koleo. Haikuwa na jina, wala karatasi, wala picha. Dereva akacheka: "Chukua wewe. Hiyo ni kelele tu." Alikuwa na wokman, kile kichezeo kidogo cha kaseti, aliyoachiwa na rafiki, na kwa kuwa karakana imepakana na msikiti, alisikiliza kwa waya za masikioni. Hiyo ilikuwa heshima, kisha ikawa desturi.

Nyimbo zilikuwa nane. Maneno hakuyashika, kwa maana mwimbaji alikuwa akiyararua kabla hayajatoka. Lakini wimbo wa nne ulimshika yeye. Gitaa lilianza peke yake, polepole, kama zile nguzo za vumbi zinazosimama mbali kwenye mbuga za Kipsing saa sita mchana: unaiona moja, hujui kama inakuja kwako au inakwenda zake, na unapoanza kuisahau imekufikia, imekupita, na nguo zako zote zimejaa mchanga. Kaseti ilipochakaa, kijana wa duka la kompyuta alimhamishia nyimbo zote kwenye simu. Bendi ile hajaijua mpaka leo. Zamani alitamani kuijua. Siku hizi anaogopa kidogo kuambiwa.

Kwenye simu ndiko alikoona pia maonyesho: uwanja umefurika watu hadi upeo wa macho, mvua inanyesha, na mtu mmoja jukwaani anainua gitaa juu ya kichwa kwa mikono miwili. Mara ya kwanza alipoona vile alisimamisha picha akaitazama muda mrefu. Baba yake alikuwa akifanya hivyo hivyo. Jioni, mzee yule aliyekuja Isiolo kutoka Turkana kwa miguu, alikuwa akimwimbia fahali wake mwekundu, mikono juu, imepinda mfano wa pembe, sauti imekwaruza kwa mapenzi. Majirani walisema mzee anapiga kelele. Lotukoi alijua tangu utotoni kwamba kuna kelele ambayo ni heshima, mtu anakipa kitu jina mbele ya watu wote. Ndiyo maana roki haikumshangaza. Ilimrudishia kitu.

Mara moja tu aliona onyesho kwa macho yake. Alimwambia Akai, mke wake, kwamba anakwenda Nairobi kutafuta tyubu, jambo ambalo lilikuwa kweli nusu. Jumamosi mchana akajikuta uwanjani kati ya vijana wenye fulana nyeusi. Msichana mmoja akamwuliza, "Mzee, umepotea?"

"Sijapotea," akajibu. "Nimechelewa tu."

Ngoma zilipoanza, sauti ilimwingia kwa nyayo, ikapanda mifupani, ikafika hata upande ule wake uliokufa. Vijana waliruka. Yeye alisimama wima, mikono pembeni, akilia bila kujua analia. Kitu kimoja tu hakukielewa. Kulikuwa na wapiga gitaa wawili, na wa pili, aliyesimama kushoto, hakujionyesha hata kidogo. Alirudia jambo lile lile, macho kwa mwenzake. Huyu naye, Lotukoi akawaza, kazi yake nini? Alirudi nyumbani na tyubu mbili.

Mwaka jana ndipo mwalimu Barwaqo alipoletwa na pikipiki iliyotoboka tairi. Mwenye pikipiki alikwenda kutafuta chai, mwalimu akaketi benchini, akatoa filimbi kwenye mkoba, akafungua kitabu na kuanza kupuliza. Sauti tatu, tena tatu zile zile, tena. Lotukoi alikuwa amechutama juu ya karai la maji akitafuta tundu la tyubu.

"Mwalimu, samahani," akasema. "Hiyo ya tatu iko juu."

"Iko juu aje?"

"Imepita mahali pake. Kidole chako cha nyuma hakijaziba vizuri."

Barwaqo akaziba vizuri, akapuliza. Ikakaa mahali pake. Akamtazama fundi yule mwenye grisi hadi viwikoni. "Mzee, ulisomea muziki wapi?"

"Sikusoma. Nasikiliza tu."

"Mimi nimefundisha Kiswahili na jiografia miaka tisa," akasema Barwaqo. "Mwalimu wa muziki amehamishwa, nikaambiwa nichukue hilo somo. Niko na watoto arobaini na tatu na filimbi, na saa nane wananingoja. Hizi nukta za muziki nazisoma usiku, kesho yake nazifundisha."

"Hata mimi sizijui nukta."

"Basi kuja tuzisome pamoja."

Alidhani ni utani. Lakini Jumanne iliyofuata alinawa mikono kwa sabuni ya unga, akafunga karakana, akaenda. Alikaa nyuma ya darasa la sita, magoti yamekwama chini ya dawati, watoto wakamcheka mpaka wakachoka. Akajifunza kwamba sauti ina mistari mitano ya kukalia, na kwamba kunyamaza nako kuna alama yake. Hilo la mwisho lilimfurahisha kupita yote. Siku nzima alitembea nalo: kwamba mtu aliketi mahali akaona kimya kinastahili kuandikwa.

Naye alikuwa na lake la kuwapa. Darasa lote likipuliza, alipita kati yao, sikio la kulia mbele, akanyoosha kidole kwa mtoto aliyekosea, na hakukosea yeye. "Usikimbilie kupuliza," aliwaambia. "Kwanza msikie mwenzako yuko wapi. Ukimpata, ingia."

Siku moja saa ya chakula Barwaqo alipitia karakana, akaomba kusikia hicho anachokisikiliza kila siku. Lotukoi akamchagulia wimbo wa nne. Mwalimu akapitisha waya chini ya hijabu, kidude huku na kidude huku, akatulia. Akaanza kutabasamu.

"Hili gitaa la kushoto ni zuri sana," akasema.

"La kushoto gani? Gitaa ni moja."

"Mzee, ni mawili. La kulia linapanda, la kushoto linalijibu." Akaimba kidogo kwa pua ile sehemu ya kushoto.

Lotukoi hakuwa ameisikia maishani mwake. Miaka ishirini na tano, kila siku ya Mungu, na hakuwa ameisikia. Barwaqo akatazama sikio lake, akakumbuka, akaelewa. Akavua vidude vyote viwili, akampa kile kilichozoea kuning'inia. "Weka hiki kwa sikio lako zuri."

"Hiki ni cha kushoto. Kimeandikwa."

"Weka tu."

Akaweka. Mwanzo hapakuwa na kitu, akadhani kimeharibika. Kisha, mahali ambapo gitaa lake huanza kupanda, likaingia lingine la chini, lenye subira, likitembea hatua zile zile chache kama mtu anayemshikia mwenzake ngazi. Akamkumbuka yule mpiga gitaa wa Nairobi aliyesimama kushoto. Wimbo ulipokwisha aliinuka, akabeba tairi moja kutoka rundo hili, akaipeleka rundo lile, akarudi.

Nyumbani alimsimulia Akai yote, hata ile safari ya tyubu.

"Nilijua ile ya tyubu," Akai akasema, akimmiminia chai. "Kwa hivyo miaka hii yote ulikuwa na nusu?"

"Nusu."

"Na uliipenda hivyo?"

"Sana."

"Basi hujapoteza kitu. Umeongezewa."

Siku ya kufunga shule watoto walipanga safu mbili ukumbini, moja kila upande, nusu wakipuliza na nusu wakijibu. Filimbi mbili zilipiga mluzi zisipopaswa, na safu ya kulia ilimaliza mapema. Wazazi walipiga makofi hata hivyo, na mwalimu mkuu akatangaza kwamba somo litaendelea.

Linaendelea. Wateja wamezoea kukuta karakana imefungwa Jumanne saa nane, wanangoja kivulini. Na juzi, kwa chaki anayotumia kuwekea alama tairi, Lotukoi alichora mistari mitano kwenye bati la mlango, akaweka juu yake nukta saba na kimya kimoja. Hakujua ni nini hasa. Barwaqo alipopita, akasimama, akatoa filimbi, akakipuliza kile kitu mwanzo hadi mwisho. Lori la mbuzi likapita, vumbi likatulia.

"Tena," Lotukoi akasema, macho amefumba. "Polepole kidogo."