Picha ya Kabla

Nilichaguliwa katibu wa kikundi cha kisima kijijini kwetu Bukima kwa sababu moja tu: nina duka la steshenari Musoma mjini, na dukani mna kompyuta. Wengine wote walikuwa akina mama. Kila Jumamosi nilipanda pikipiki kwenda huko, tukakwangua tope, tukapanga mawe, tukazungushia miti ili ng'ombe wasiingie. Hakuna aliyetutuma. Maji yakatakata mpaka unaona mchanga chini.

Mwenyekiti wetu, mkunga mstaafu, akasema ile miti italiwa na mchwa, tuombe ruzuku ya waya na pampu ya mkono. Nikajaza fomu nikaipeleka kwenye ofisi ya wafadhili pale mjini. Afisa akaipitia, akaguna.

"Katibu, picha ya kabla iko wapi?"

"Kabla ya nini?"

"Ya mradi. Hapa naona kisima kisafi. Tatizo silioni."

"Tatizo tulishaliondoa wenyewe. Tunaomba waya tu."

"Sasa nifadhili nini? Bila picha ya tatizo, mfumo haupokei."

Nilimpelekea mwenyekiti majibu hayo. Akasema, "Basi tulirudishe hilo tatizo." Nikacheka. Yeye hakucheka.

Tulihitaji ng'ombe. Mwenye ng'ombe wa karibu alikuwa mzee ambaye kikundi kilikuwa kimemtoza faini ya jogoo kwa kunyweshea kisimani. Alitusikiliza, kofia magotini.

"Jogoo wangu mlimla kwa sababu ng'ombe walikanyaga maji. Leo mnaomba wakanyage?"

"Ni maendeleo, baba," mwenyekiti alisema.

"Leteni jogoo kwanza."

Tukapeleka jogoo. Kesho yake asubuhi mzee akaswaga ng'ombe wake hadi kwenye mwanya tuliobomoa, wakafika pale wakagoma. Walishapigwa fimbo mno na akina mama hao hao. Tukawasukuma, tukawapigia miluzi. Mwenyekiti, aliyekuwaga mkali kuliko wote, akawabembeleza kwa sauti ya wodini: "Njooni, mama, msiogope." Wakanywa ukingoni kwa adabu, wakageuka wakaondoka.

Ikabidi tuvue viatu tuingie wenyewe. Tulikanyaga, tukamwaga ndoo za tope na samadi. Mama mmoja alikanyaga huku analia, akiomba Mungu asitazame. Mimi nikapiga picha. Nilijisikia vibaya kweli, ila picha ilitoka vizuri.

Ombi likapita. Afisa akapiga simu: "Hongereni. Msiguse chochote mpaka nije kuhakiki."

Alikuja baada ya wiki tatu. Muda wote huo tulichota maji ziwani, mwendo wa saa nzima, tukikipita kisima chetu njiani. Akasimama juu ya lile tope, akatikisa kichwa.

"Poleni sana. Jamii hii haijahamasika. Kabla ya pampu, mtaanza na semina."

Tukaenda Bunda siku mbili, mimi na akina mama wanne, kufundishwa kujitolea. Mwezeshaji, kijana mchangamfu, akauliza nani ukumbini amewahi kufanya kazi ya jamii bila malipo. Mwenyekiti akanigeukia. Nikakumbuka nilivyoandika kwenye fomu mpya kwamba kisima hakijawahi kusafishwa, nikamtikisia kichwa. Mikono yetu ikabaki mezani.

"Msione aibu," mwezeshaji akasema. "Kila mtu anaanzia mahali."

Mwenyekiti akaandika sentensi hiyo kwenye daftari lake, taratibu, akaipigia mstari. Chai ilipofika alikula maandazi manne.

Waya na pampu vilikuja mwezi uliofuata. Tukasafisha upya Jumamosi mbili, tukafunga kila kitu. Siku ya kwanza tulimpisha mama mkwe wa mwenyekiti, bibi mzee sana, aonje kabla ya wote. Akasukutua, akatema.

"Yana ladha ya chuma," akasema, akachukua ndoo yake akaelekea ziwani.