Viatu vya Marehemu Ambaye Hajafa

Chini ya kitanda cha Margareta, pale Lipangalala, Ifakara, palikuwa na jozi ya viatu iliyotunzwa kuliko yeye mwenyewe. Viatu vyeusi vya ngozi, vya kamba, vyenye ncha kama mdomo wa korongo. Mwenye viatu alikuwa mume wake, mzee Hermenegildi, na hakuwa anavivaa. Alikuwa amejiwekea vya kuzikiwa.

Sababu ilikuwa kaka yake, Donati. Donati alipofariki, fundi wa jeneza alisahau kukata kifuniko vipande viwili, kwa hiyo wakati wa kuaga likafunuliwa lote. Watu wakapita kwa mstari wakakuta marehemu kavaa suti nzuri, na chini ana ndala mbili, moja ya bluu na moja ya kijani, zote za kushoto. Waombolezaji wakaanza kukohoa. Ukiona msiba mzima unakohoa kwa pamoja, ujue kuna kicheko kinatafuta mlango.

Hermenegildi alikuwa karani mstaafu wa ghala la mpunga, mtu wa kunyoosha kola hata akienda chooni. Aibu ile ilimwingia mpaka kwenye mifupa. Wiki hiyohiyo akanunua viatu. Alivijaribu akiwa amesimama juu ya kitanda ili soli zisiguse udongo, chaga moja ikavunjika, na lawama akapewa Margareta kwamba analala vibaya.

Hiyo ilikuwa miaka tisa iliyopita. Marehemu mtarajiwa alikuwa bado anakula ugali sahani mbili.

Shida ni kwamba bonde hili halipendi viatu vinavyokaa bure. Masika yakianza, unyevu unapanda kutoka kwenye sakafu, ngozi inalegea, pua ya kiatu inakunjamana kama ya mtu aliyenusa samaki wa juzi. Mzee akajaza magazeti. Magazeti yakanywa maji, yakaota ukungu, na panya mmoja akafungua wodi ya wazazi ndani ya kiatu cha kulia. Mzee akajaza pumba za mpunga ndani ya soksi, akazishindilia viatuni. Wadudu wakaja na ukoo wao wote.

Krismasi iliyopita mjukuu wao Jenifer, anayeuza kwenye duka la viatu Morogoro, akaja na suluhisho. Vilikuwa vifuko viwili vya plastiki vyenye umbo la mguu, kila kimoja na kimdomo kidogo cha kupulizia na kizibo chake.

"Babu, unakiingiza ndani ya kiatu, unapuliza, kinavimba. Kiatu kinakaa na umbo lake kama kimevaliwa."

Mzee akapuliza. Pua ya kiatu ikainuka taratibu, mikunjo ikapotea, kiatu kikang'aa kama kimepata habari njema. Macho yakamlowa. Margareta alikuwa anapepeta mchele pembeni.

"Kumbe mguu wa plastiki unaruhusiwa kuvaa hivi viatu," akasema. "Wenye nyama ndio umekatazwa."

Tangu siku hiyo kila Jumamosi asubuhi mzee alikuwa anatoa kigoda nje, anatoa vifuko, anapuliza upya. Wapita njia wa baiskeli wakazoea.

"Shikamoo mzee! Marehemu hajambo?"

"Marahaba. Anasubiri."

Akaanza na maneno yake: "Iliyomo humu ndani ni pumzi yangu. Siku mkikuta viatu vimenywea, mjue na mimi nimekwisha." Watu wakacheka, ila yeye hakuwa anacheka.

Sasa Margareta. Huyu alishuka kutoka upande wa Mahenge akiwa binti wa miaka ishirini, na bonde likampokea kwa jembe. Miaka hamsini amepandikiza mpunga akiwa ameinama, mpaka mgongo wake ukawa unaijua njia ya chini wenyewe. Amezaa saba, anao watano. Amepika wali wa misiba ya watu waliokuwa wakimsema. Hakuwa mtu wa kudai vitu. Alichokuwa nacho ni mdomo, na huo aliutumia vizuri.

Kitu kimoja tu ndicho kilichokuwa kinamkera tangu ujana. Siku ya ndoa yao mvua ilinyesha, njia ikajaa tope, na Hermenegildi akasimama altareni na gambuti za shamba alizoazima. Margareta aliolewa na gauni jeupe pembeni ya gambuti. Na mwaka huu parokia ilikuwa imepanga misa ya jubilei ya ndoa, miaka hamsini, yeye na mume wake wakiwa kwenye orodha. Kitenge alishashona. Alitaka asimame mbele ya watu na mwanaume mwenye viatu. Mara moja tu kabla hajafa.

"Baba Levina," akamwambia wakati wanakula, "siku ya jubilei utavaa vile viatu."

Mzee akaacha tonge hewani. "Vipi?"

"Vile vya chini ya kitanda."

"Mama Levina, vile ni vya safari."

"Kanisani si safari?"

"Kanisani unarudi."

"Kwa hiyo mimi nikusindikize altareni na makubazi ya tairi, halafu minyoo ndiyo ije ikuone umependeza?"

"Nikivivaa vitapoteza umbo. Miaka tisa, Mama Levina! Miaka tisa vimekaa na umbo."

"Na mimi miaka hamsini nimekaa na wewe, umbo langu uliliuliza?"

Mzee akamalizia tonge, akanawa, akaenda kukagua viatu kama vimesikia.

Ijumaa, zikiwa zimebaki wiki mbili, Margareta akachukua pini ya kufungia khanga, akapiga magoti chini ya kitanda kama anasali, akatoboa kifuko cha kushoto. Tundu moja tu, dogo. Hesabu yake ilikuwa nyepesi: upepo utatoka, kiatu kitanywea, mzee ataona kutunza hakuna faida, atavivaa.

Jumamosi mzee akatoa kigoda. Kifuko cha kulia kizima. Cha kushoto kimelala kama ulimi wa mbwa. Akapuliza, kikajaa. Akaenda kunywa chai, akarudi, kimelala. Akapuliza tena. Saa sita kimelala. Akakiweka kwenye goti, akakitazama muda mrefu, halafu akajishika kifua upande wa kushoto.

"Mama Levina."

"Nini?"

"Pumzi yangu haikai."

Margareta nusura aseme ukweli. Akasema moyoni, ngoja, mpaka kesho hasira itamfikisha kwenye kuvivaa. Kesho yake mzee hakuamka kwenda misa. Alikuwa amelala chali, mikono kifuani, anajaribu mkao.

Jumatatu akaita jumuiya yao ya kanisani. Theodosia, mwenyekiti, mama mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya mto, akaja na wenzake na unga na sukari. Wakaketi wakaimba nyimbo za taratibu. Mzee akagawa mali. Redio kwa Levina. Baiskeli kwa mkwe wa Idete. Majembe matatu kwa wajukuu, "na wasigombane." Kwa Margareta akaacha kuku na maneno ya busara, ambayo alisema atayakumbuka baadaye.

"Unaumwa wapi hasa, mzee wetu?" Theodosia akauliza.

"Siumwi. Naishiwa."

Jumanne Padri Evaristo akaja na mafuta matakatifu, akampaka mgonjwa kwenye paji la uso na viganjani. Mgonjwa akaitikia sala zote kwa sauti nene iliyotikisa vioo vya dirisha. Padri alipotoka, Margareta akamsindikiza mpaka barabarani, jasho linamtoka. Alikuwa anaona kitenge chake cha jubilei kinageuka kuwa cha matanga. Mbaya zaidi, aliwajua wazee wa aina ile. Akishaamua kufa mbele ya watu, anaweza kweli kufa ili asionekane mwongo.

Akarudi ndani, akachomoa kifuko cha kushoto, akakifunga kwenye khanga, akaenda kwa Mabula.

Mabula ni fundi baiskeli, Msukuma aliyekuja bondeni na ng'ombe wa baba yake akabaki na pampu. Akakishika kile kifuko, akakigeuza.

"Bibi, hii ni tairi ya nini?"

"Usiulize. Tafuta pancha."

Akapuliza, akakizamisha kwenye beseni. Viputo vikapanda, pupupu, mahali pamoja. Mabula akakikausha, akakisogeza machoni.

"Hiki hakijachoka chenyewe. Hapa imepita pini."

"Nimekuomba uzibe au uchunguze?"

"Aa, bibi, nisamehe." Akapaka solusheni, akaweka kiraka chekundu. "Kuna mtu alikuwa hampendi huyu mwenye mguu?"

"Anampenda," Margareta akasema. "Ndiyo maana."

Alipofika nyumbani alikuta mzee peke yake, jumuiya imekwenda kuchota maji. Akakaa ukingoni mwa kitanda, akapuliza kifuko yeye mwenyewe mpaka kikasimama, akakiweka juu ya kifua cha mume wake.

"Hufi," akasema. "Ni pini. Nilitoboa mimi."

Mzee akakitazama kiraka. Akaketi, haraka kuliko mgonjwa.

"Umenitoboa?"

"Nimetoboa plastiki."

"Ilikuwa pumzi yangu!"

"Pumzi yako ninayo masikioni miaka hamsini, unakoroma kama mashine ya kukoboa. Haijapungua hata kidogo."

"Mama Levina, nimeshapakwa mafuta!"

"Basi utateleza vizuri."

"Nimeshagawa redio!"

"Levina yuko Mlimba, redio iko hapo dirishani. Washa."

Mzee akashusha miguu chini. "Ungeniambia tu."

"Nilikuambia. Wakati wa kula. Kwa Kiswahili." Margareta akageuzia uso dirishani. "Nilitaka mara moja nisimame na mtu mwenye viatu. Wewe unawavalia watu watakaokuja kukuaga, hata huwajui ni akina nani. Mimi niko hapa."

Nje kuku walikuwa wanagombania ukoko. Mzee akainama, akavuta boksi kutoka uvunguni, akatoa kiatu cha kulia, akakitoa upepo. Kifuko kikapumua fyuu, kikalala. Akaingiza mguu.

Mguu ukafika katikati, ukasimama.

Akasukuma. Akasimama nao. Margareta akaleta kijiko cha kupakulia, akakipachika kisiginoni kama kabari, mmoja akavuta, mwingine akasukuma, wakatoka jasho wote wawili. Wapi. Miaka tisa kiatu kilikuwa kimelishwa upepo kisipoteze umbo, na miaka hiyohiyo mwenye kiatu alikuwa anaingia jaruba peku, vidole vinapanuka kama mguu wa bata. Kisigino kilibaki nje chote.

"Haiwezekani," mzee akasema. "Nilivipima."

"Ulipima ukiwa na miguu ya karani."

"Sasa ningezikwaje?"

Margareta akajaribu kujizuia, akashindwa, akacheka mpaka akakaa sakafuni, khanga ikamtoka kichwani. "Wangekukata visigino, Baba Levina! Au wangekupasulia nyuma kwa panga! Ungemfikia Donati unachechemea!"

Mzee akamtazama kwa hasira. Halafu akamwona jinsi alivyokuwa amekaa pale chini, mwanamke mzee, miguu imenyooka mbele, anacheka huku anajifuta machozi, na machozi hayakuwa ya kicheko peke yake. Akashusha pumzi ndefu. Akainua mguu, akakanyaga nyuma ya kiatu kwa kisigino chake kipana. Ngozi iliyokuwa haijawahi kukunjwa ikalia kwaa, ikalala. Akafanya hivyohivyo na cha kushoto.

"Misa ya jubilei saa ngapi?" akauliza.

"Saa tatu."

Jumapili ya jubilei kanisa lilijaa. Wengi walikuja kumwona mtu aliyepakwa mafuta akaghairi. Padri Evaristo alimkuta mlangoni akamkazia macho.

"Mzee, si juzi tu mimi nilikuwa nyumbani kwako?"

"Mafuta yamefanya kazi, Baba," Hermenegildi akasema, mkavu kabisa.

Wakaingia. Alitembea amekanyaga visigino vya viatu kama mtu anayetoka bafuni, chapa, chapa, chapa, juu ya saruji, na kwaya ikaanza kumfuata yeye badala ya kinanda. Margareta alikuwa amemshika mkono, shingo juu, kitenge kimemkaa. Walipofika benchi la tatu kutoka mbele, sauti ikabadilika. Chapa, fyek. Chapa, fyek. Gundi ya miaka tisa, ambayo hakuna upepo wa kuifufua, ilikuwa imechoka. Soli ya kulia ikaachia, ikabaki nyuma kwenye sakafu kama kambale aliyekauka.

Mzee akataka kugeuka.

"Usiangalie nyuma," Margareta akanong'ona bila kufungua meno. "Tembea. Juu bado ni kiatu."

Akatembea. Juu mguu wake wa kulia ulikuwa na ngozi nyeusi inayong'aa, chini ukijua baridi ya saruji, na kutoka mbele hakuna aliyeweza kujua. Wakapiga magoti. Padri akaanza kuuliza kama wanarudia lile walilosema miaka hamsini iliyopita, na Margareta akajibu "Ndiyo" kabla swali halijafika mwisho.

Nyuma yao Theodosia alikuwa ameokota ile soli, hajui aipeleke wapi. Kuitupa kanisani ni dhambi, kukaa nayo mapajani ni aibu. Maandamano ya matoleo yalipopita, na mchele na ndizi na kuku aliyefungwa miguu, akaiweka juu ya ungo wa mchele, akakunja mikono.

Padri akapokea ungo, akaiona, akaiinua kwa vidole viwili. Akatazama waumini. Kanisa zima likaanza kukohoa.

"Ya nani hii?"

"Ya mume wangu," Margareta akasema kwa sauti, akiwa bado amepiga magoti. "Amevaa viatu leo."