Kambare Kumi na Wawili wa Baba

Bwawa la baba pale Matwebe lilijaa perege, na hapo ndipo taabu ilipoanzia. Walizaana mpaka chakula kikawa hakiwatoshi, wote wakadumaa. Baba mdogo alikuwa akipita kwenye migomba na kuuliza kama wale ni samaki au viluwiluwi. Baba alicheka naye, lakini ilimuuma. Posa yangu ilikuwa imeshapokelewa, na yeye alikuwa ametangaza kwamba wakwe wakileta ng'ombe wa mahari watakula perege wa bwawani kwake, wa kujaa sahani.

Bwana samaki wa wilaya akamshauri apandikize kambare chotara kumi na wawili, wawapunguze vifaranga wa perege. Machotara hao hawazai, kwa hiyo wasingeongezeka wakalimaliza bwawa.

"Ila mzee, usiwavue kabla ya siku ya kuvuna," alisema. "Hawa wakiisha, wameisha."

Nilikuwepo. Nilisikia kwa masikio yangu.

Wakati huo nilikuwa nashona nguo Msasani, mjini Tukuyu, na kila mwisho wa mwezi nilikwenda nyumbani. Kwetu mtoto akirudi kutoka mjini hutafutiwa kilicho kikubwa kuliko vyote. Mama alinipakulia mbalaga, ndizi zetu za kupika, na juu yake kambare mnono. Nilikula nikalamba vidole. Sikuuliza katoka wapi. Kusema kweli, nilipenda kudekezwa.

Siku ya mahari ilipofika, baba akavuta wavu mbele ya wakwe. Wakatoka perege wengi ajabu, wote wa ukubwa wa kidole. Kambare hakuwemo hata mmoja. Baba mdogo safari hii hakutania.

"Mzee, si tuliambiwa kuna kambare wa kuwapunguza hawa?" mshenga akauliza.

Nilikuwa nimesimama na wanawake kando ya migomba. Mwaka mzima nilikuwa nimekuja nyumbani kila mwezi, na kila mwezi nilikula kambare mmoja. Nikapiga hatua mbele ili niseme. Baba akaniona, akatikisa kichwa kidogo tu.

"Uzembe wangu, mwe," akawaambia wakwe, huku akikunja wavu. "Sikufunika bwawa. Ndege wamewala wote."

Wakwe wakacheka. Baba akacheka pamoja nao, kama alivyozoea kucheka na baba mdogo. Nami, katika gauni langu jipya, nikarudi nyuma kwa wanawake.