Kamba Waliovimba Shavu

Nilikaribia kurudishwa kwetu kwa sababu ya kamba wa bwawani. Wanaocheka wacheke, mimi nilikuwa nimeshafunga nguo zangu kwenye kitenge.

Ilikuwa Kisangani, miaka ya themanini, enzi za Zaire. Mume wangu Édouard alikuwa karani, na nyuma ya nyumba yetu, pale Kabondo, alikuwa na bwawa la kamba. Kuwalisha ilikuwa kazi yangu.

Basi kamba wakaanza kuvimba. Si mwili mzima, shavu moja tu, kama mtu aliyeficha kipande cha chikwangue, ule mkate wa muhogo, mdomoni.

Halafu wakaacha kutaga. Kamba jike hubeba mayai chini ya tumbo, unayaona kwa macho. Sasa karibu kila jike nikiinua, hamna kitu.

Wifi yangu Hélène, dada yake Édouard, akaja kuangalia. Hakuangalia kamba. Aliangalia tumbo langu.

"Claudine, miaka tatu ya ndoa, mutoto hakuna," akasema. "Na njo weye unalisha hizi kosakosa. Unazipatia mukosi." Kosakosa ndio hao kamba.

Alisema mwanamke asiyezaa kukanyaga bwawa ni mwiko wa mababu. Bwawa lenyewe lilichimbwa mwaka juzi.

Jumapili akaitwa Tonton Cyprien, mkubwa wa ukoo. Alikuja na koti lake la abacost limefungwa vifungo hadi shingoni, joto lote lile. Shauri lilikuwa moja: nirudishwe kwa baba yangu, Kindu.

Na kikao cha kukufukuza, ni wewe unayekipikia. Hiyo ndiyo desturi. Nikaenda kuvua kamba.

Nilikuwa namenya huku nalia. Nilimpenda Édouard, sikutaka kwenda popote. Nikabandua lile shavu lililovimba.

Ndani alikaa mdudu. Bapa, mnene, ameng'ang'ania mashavu ya kupumulia ya kamba, ananyonya. Chini yake kashikilia mwingine mdogo sana. Baadaye bwana mifugo alituambia yule mdogo ndiye mume.

Nikafungua wa pili. Mdudu. Wa tatu, vilevile. Na wote hao hawakuwa na yai hata moja. Majike wawili tu walikuwa hawajavimba, na matumbo yao yalijaa mayai.

Sikuwapika. Nikawapeleka mezani wabichi. Tonton alikuwa ameshanawa mikono.

"Iko nini hii?"

"Tonton, fungula ile shavu."

Akafungua. Akafungua jingine. Hélène akasema hana njaa.

"Mududu njo inazikataza kuzala," nikasema. "Haiko miye."

Tonton akauliza mdudu ametoka wapi. Édouard, aliyekuwa hajasema neno tangu asubuhi, akajibu:

"Ni ile kitunga ya kosakosa Hélène alileta toka Yanonge, tukazitia mu bwawa. Alisema ziko na mashavu, zimenona."

Wifi akaanza kukagua dari.

Nikadhani yamekwisha. Tonton akapangusa vidole.

"Bon. Affaire ya kosakosa imeisha. Alors, mutoto?"

Kuna jambo nililijua, lakini mambo mengine mke hayasemi mbele ya wakwe. Nikatazama kile kitenge changu mlangoni.

Édouard alikuwa bado anaangalia sahani. Kisha akasimama.

"Tonton, miye pia niko na uvimbe," akasema. "Upande moja. Tangu mbele ya ndoa. Nilikuwa na haya."

Hakuna aliyeuliza upande wa nini. Miaka yote mitatu alivaa suruali pana, mtaa mzima ukadhani ni mtindo.

Ilikuwa busha. Daktari alisema ni minyoo inayoletwa na mbu. Alipasuliwa, akapewa dawa, akakaa kitandani huku dada yake akimletea uji bila kuinua macho.

Nimeolewa naye mara moja, lakini siku ile aliposimama ndipo nilipojua nimeolewa na nani.

Baadaye nikajifungua msichana. Wifi akaomba tumpe jina lake, tukampa. Nilimbeba mgongoni kwa kitenge kilekile.

Basi ndugu zangu, nyumba isipozaa, kagueni wote waliomo kabla hamjamfungia mmoja mzigo. Na wifi akikuletea kitunga cha kamba, pokea, shukuru, halafu wafungue mashavu.