Bi Hester Aposa Siku ya Ishirini na Tisa

Hester Pym, binti wa marehemu kasisi wa Little Marrow, alikuwa mtengeneza jibini mwenye miaka ishirini na minane, na neno likimjia halimkai mdomoni.

Lodi Ambrose, kabaila mwenye kasri la juu kilimani, alikuwa bwana wa shaka. Chakula hali mpaka mbwa wake aonje kwanza. Wageni wakiaga, anahesabu vijiko. Zamani mchumba wake alisikika akisema kwamba anawapenda farasi wa Lodi kuliko Lodi mwenyewe. Tangu hapo, mwanamke akimsalimu tu, anajiuliza anataka nini.

Kila Jumamosi alishuka mwenyewe na mbwa wake kununua jibini dukani kwa Hester, eti watumishi wataibadilisha njiani. Miaka miwili wakawa wanagombana wee, juu ya kipande cha jibini! Na Hester, sifichi, alimpenda. Alikuwa akikata vipande upandeupande makusudi, ili Lodi akae agombe zaidi.

Jumamosi moja Lodi akasema, "Kesho nahamia Uskoti. Nafunga kasri, sirudi tena. Kule hakuna watu."

Hester akaweka kisu chini. Bahati, ilikuwa tarehe ishirini na tisa Februari, siku ambayo, kwa mila ya kwao, mwanamke huruhusiwa kumposa mwanamume. Akikataa, bwana huyo lazima amnunulie gauni la hariri.

"Bwana mkubwa, nioe."

Lodi akachungulia nyuma ya mlango. "Nani kakutuma?"

"Nimejituma mwenyewe. Nakupenda."

"Wataka farasi wangu!"

"Farasi wako kanitafunia kofia. Simtaki hata bure."

"Kasri, basi!"

"Kasri lenyewe linavuja!"

Bi Tabitha, jirani aliyekuja kununua siagi, akaziba mdomo asicheke. Lodi akatazama kalenda ukutani, macho yakamtoka.

"Ahaa! Nimekushika! Unataka nikatae, upate hariri! Sikatai ng'o! Nakuoa, na gauni hulipati!"

Masikio yake yakawa mekundu.

"Nimesema nini?"

"Umekubali," Bi Tabitha akadakia. "Mimi shahidi."

Hester alitaka kucheka, lakini machozi yakamtangulia. Mume wa kukomoana hakumtaka. "Sikushiki kwa neno la hasira, bwana. Nakuachia. Gauni sitaki, na jibini hii chukua ule njiani."

Akamfungia kipande, akageuka ukutani asionekane analia.

Lodi akasimama palepale. Mbwa akasogea, akafungua kinywa tayari kwa kazi yake. Lodi akaisukuma pua ya mbwa kando, akaimega jibini, akaila mwenyewe mpaka ikaisha.

Mbwa akabweka kwa hasira.

"Chumvi imezidi," Lodi akasema. "Kesho kanisani, Hester, kasisi atangaze ndoa yetu."